Dau la Karata ya Mwisho: Kuamua Vizuri Zaidi katika Poka ya Mtandaoni ya Madau Madogo

Anayetaka kujua fedha zake zimepotelea wapi katika poka ya mtandaoni ya madau madogo asihangaike na mikono (karata anazogawiwa katika raundi moja) aliyoitupa mapema. Mara nyingi hasara imejificha katika mikono michache aliyoicheza mpaka karata ya mwisho akiwa na kitu kizuri kiasi, kisha mpinzani akaweka dau kubwa la ghafla, naye akalipa kwa sababu alihisi kwamba huo ni mkwara mtupu. Uamuzi huo unaochukua sekunde chache umebeba maswali kadhaa tofauti ambayo mchezaji huyajibu yote kwa pamoja, kwa hisia moja: bei ya kulipa ni kiasi gani, mpinzani anaweza kuwa na karata zipi, watu wa aina yake hufanya nini katika hali hiyo, na fedha zilizokwisha kuwekwa mezani ni za nani. Makala haya yanayatenganisha maswali hayo kwa kuuchambua mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kanuni zikielezwa bila karata halisi husahaulika mara tu meza inapofunguliwa.

Kwanza, jambo moja kwa msomaji aliyezoea mikeka ya mpira. Katika mkeka, kampuni ndiyo inayopanga viwango vya malipo, na faida yake imeshaingizwa ndani ya viwango hivyo. Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, na tovuti hukata sehemu ya fedha zilizowekwa mezani, kwa kawaida asilimia 5 hivi katika madau madogo, hadi kikomo fulani. Maana yake ni kwamba kuwa bora kidogo kuliko wenzako hakutoshi, kwani ubora huo lazima uzidi makato. Wengi hawafiki hapo, na kwa hiyo yote yanayofuata yanamhusu mtu mzima anayecheza mahali sheria inaporuhusu, kwa fedha ambazo zikipotea hazitamkosesha kodi ya nyumba wala ada ya mtoto.

Mchezo wenyewe ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wazi huwekwa mezani kwa awamu: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila awamu ina nafasi yake ya kuweka dau. Meza yetu ina watu sita, madau ya lazima ni senti 2 na senti 5 za dola ya Marekani, na wachezaji wawili tunaowafuatilia wana dola 5 kila mmoja, yaani mara 100 ya dau kubwa la lazima.

Mchezaji wetu amekaa katika nafasi ya mgawaji, ambayo ndiyo bora kuliko zote kwa kuwa baada ya karata za wazi yeye huamua wa mwisho, akiwa ameshaona wenzake wamefanya nini. Ana ree ya shupaza na malkia wa kopa. Waliomtangulia wametupa, naye anapandisha hadi senti 15. Aliyeweka dau kubwa la lazima ndiye pekee anayelipa, na mezani panakuwa na fungu la senti 32. Zinafunguliwa malkia wa uru, nane ya uru na nne ya pau. Mpinzani anapita bila dau, mchezaji wetu anaweka senti 20 na kulipwa. Fungu ni senti 72. Karata ya nne ni saba ya shupaza. Mpinzani anapita tena, mchezaji wetu anaweka senti 50 na kulipwa. Fungu limefika dola 1.72. Karata ya tano ni tatu ya kopa, ambayo kwa macho ya haraka haijamsaidia mtu yeyote. Mpinzani anapita kwa mara ya tatu, mchezaji wetu anaweka senti 80, na hapo ndipo mpinzani anapoingiza salio lake lote, dola 4.15.

Mchezaji wetu ana jozi ya malkia ikisindikizwa na ree, ambayo ndiyo jozi bora kabisa ya malkia. Anaona kwamba uru haikutimia, yaani hakuna anayeweza kufikisha karata tano za uru, na sauti ya kwanza kichwani inamwambia kwamba mtu huyu alikuwa akisubiri uru, ameikosa, na sasa anatishia. Sauti hiyo si ya kijinga. Kasoro yake ni kwamba imesimulia hadithi moja tu kati ya nyingi zinazowezekana, bila kuihesabu hata hiyo moja.

Tuanze na bei. Ili kulipa, anahitaji kuongeza dola 3.35. Mezani tayari pana 1.72 za awali, 0.80 alizoweka yeye na 4.15 za mpinzani, jumla dola 6.67. Akilipa, fungu zima litakuwa dola 10.02, na mchango wake mpya utakuwa 3.35 kati ya hizo, yaani asilimia 33 na kitu. Hicho ndicho kiwango cha chini cha ushindi anachohitaji: akishinda zaidi ya mara 1 katika kila mara 3, malipo haya yana faida kwa muda mrefu, akishinda pungufu ya hapo, yana hasara. Makato ya asilimia 5, kama hayajafika kikomo, yanakipandisha kiwango hicho hadi asilimia 35 hivi. Hesabu hii haitaki kipaji chochote. Ni kugawanya unacholipa kwa jumla ya fungu baada ya kulipa, na kwa madau ya kawaida inatosha kukariri viwango vitatu: dau la nusu ya fungu linadai asilimia 25, la theluthi mbili linadai karibu asilimia 29, na la fungu zima linadai asilimia 33.

Bei peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe na karata za mpinzani, na hapa ndipo wachezaji wa madau madogo wanapokata tamaa mapema, wakidhani kwamba kukadiria karata za mtu ni ramli. Sivyo. Karata mbili za mwanzo zina michanganyiko 1,326 tu, na kila hatua mpinzani aliyochukua imeipunguza. Huyu alilipa kabla ya karata za wazi badala ya kupandisha, kwa hiyo jozi za ree na za mfalme hazina uzito mkubwa tena, kwani watu wengi wangepandisha nazo. Kisha alilipa mara mbili mfululizo, kwa hiyo takataka nyingi zimeshaondoka. Tujiulize kilichobaki.

Mikono inayomshinda mchezaji wetu ni hii. Utatu wa nane, wa saba na wa nne una michanganyiko 3 kila mmoja, kwa kuwa karata moja ya kila namba iko mezani; jumla 9. Sita na tano za aina moja, ambazo zilikamilisha mfuatano wa karata tano pale saba ilipofunguka, zina michanganyiko 4. Malkia na nane zina 6, kwa kuwa malkia wawili tu hawaonekani na nane zilizobaki ni tatu. Nane na saba za aina moja zina 2. Tumefika 21.

Upande wa pili tuiweke mikono iliyokuwa ikisubiri na ikakosa. Uru mbili zinazoanzia na ree, tukiacha zile zilizopata jozi na ile ya ree na mfalme ambayo ingepandishwa mapema, ni 6. Mfalme wa uru pamoja na jeki, kumi au tisa ya uru ni 3. Jeki na kumi, jeki na tisa, kumi na tisa, zote za uru, ni 3 nyingine. Michanganyiko hiyohiyo mitatu ikiwa ya kopa, pau au shupaza, ambayo ilikuwa ikisubiri mfuatano, ni 9. Jumla ni 21 pia.

Kwa hiyo hadithi ya uru iliyokosa ina msingi: mikono iliyokosa ni mingi sawasawa na ile iliyofanikiwa. Kama mpinzani angeingiza salio lake lote kwa kila mmoja wa mikono hiyo 42, mchezaji wetu angeshinda nusu ya mara, na kulipa lingekuwa jambo lisilo na mjadala. Swali halisi ni mingapi kati ya ile 21 iliyokosa anaigeuza kuwa mkwara wa namna hii. Ili asilimia 33 ifikiwe, lazima awe anafanya hivyo kwa mikono isiyopungua 11, na tukihesabu makato, 12. Zaidi ya nusu.

Katika meza za senti 2 na 5, mtu wa kawaida hafanyi hivyo. Fikiria anachotakiwa kufanya: amekosa, mwenzake ameweka dau kwa awamu tatu mfululizo kuonyesha kwamba ana kitu, naye achukue salio lote alilobaki nalo na kulisukuma mezani akitumaini kwamba mwenzake atatupa. Wachezaji wa kiwango hiki wengi huwa wametupa karata zao kabla hata ya kufikiri. Wanapenda sana kulipa na hawapendi kupandisha bila kitu, na hulka hizo mbili zinakwenda pamoja: mtu ambaye mwenyewe hapendi kutupa haamini kwamba wengine watatupa. Tukimkadiria kuwa anachimba mkwara kwa mikono 3 tu kati ya 21, mchezaji wetu atashinda mara 3 katika 24, yaani asilimia 12.5, na kila malipo ya namna hii yatamgharimu kwa wastani dola 2.10, ambazo ni mara 42 ya dau kubwa la lazima. Hiyo ni hasara ambayo saa nyingi za kucheza vizuri hazitoshi kuirudisha.

Kuna pingamizi moja la haki. Baadhi ya wachezaji wa kiwango hiki huingiza kila walichonacho wakiwa na malkia na mfalme, wakiamini kwa dhati kwamba wako mbele, na mikono hiyo iko 8. Ukiwapa uzito wa kutosha, hesabu inasogea. Hata hivyo wengi wao wangelipa tu zile senti 80, au wangepandisha mapema zaidi, wakati uru bado inatishia.

Jambo dogo linalostahili kutajwa hapa ni karata ambazo mchezaji mwenyewe ameshika. Tuseme ree yake ingekuwa ya uru badala ya shupaza. Wengi wangejisikia salama zaidi, lakini kwa kweli hali ingekuwa mbaya zaidi: ile mikono 6 ya uru inayoanzia na ree isingewezekana tena, kwa kuwa ree hiyo iko mkononi mwake. Mikono iliyokosa ingebaki 15, iliyofanikiwa ingebaki 21 ileile, na mpinzani angepaswa kuchimba mkwara kwa 11 kati ya 15. Anayetaka mpinzani awe amekosa uru hapaswi kuzishika yeye hizo uru.

Msomaji aliyefuatilia maendeleo ya kompyuta katika poka anaweza kuuliza kama hoja hii haipingani na nadharia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakishirikiana na Facebook walitangaza Pluribus, programu iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika meza ya watu sita, na siku hizi programu za kukokotoa mchezo wenye mizani, yaani usiompa mpinzani mwanya wa kuutumia, zimeenea hata kwa wachezaji wadogo. Programu hizo zingelipa sehemu fulani ya mikono kama huu wetu ili mpinzani asipate faida ya kuchimba mkwara kila mara. Tatizo ni kwamba ulinzi huo unamlenga mpinzani atakayegundua kwamba unatupa kupita kiasi na kuanza kukuadhibu. Mtu aliyefungua meza ya senti 5 jioni baada ya kazi hafuatilii mara ngapi unatupa. Kujifunza mizani hiyo kuna faida, kwa kuwa kunakuonyesha mahali pa kuanzia, lakini kuifuata kikamilifu dhidi ya watu wasioikaribia ni kuacha fedha mezani. Kuitumia programu ya namna hiyo wakati mkono unaendelea, kwa upande mwingine, ni udanganyifu, na tovuti kubwa huwafungia akaunti wanaokamatwa.

Turudi kwenye zile senti 80, maana hapo ndipo moyo unapogoma. Mchezaji anasema: nimeweka dau kwa hiari yangu, sasa nitupe? Dau lile lilikuwa sahihi. Malkia na mfalme, malkia na jeki, malkia na kumi, hata jozi ya tisa au ya kumi kwa mtu mbishi, yote ingelipa. Lilikusudiwa kukusanya kutoka kwa mikono dhaifu, na halikuwa ahadi ya kuzifuata fedha hizo popote zitakapokwenda. Zikishaondoka mkononi ni za fungu. Katika hesabu ya bei hapo juu ziliingia kama sehemu ya kinachoshindaniwa, na hiyo ndiyo nafasi yake pekee. Kuweka dau kisha kutupa unapopandishiwa kunaonekana kama kujipinga, ilhali maamuzi hayo mawili yanajibu maswali mawili: la kwanza ni nani atanilipa, la pili ni nani anapandisha.

Hulka hiyohiyo ya kulipa kupita kiasi inabadilisha pia wakati wa kuchimba mkwara wewe mwenyewe. Dau la nusu ya fungu lisilo na kitu nyuma yake linahitaji mpinzani atupe mara 1 katika 3 ili lisiwe na hasara. Dau la fungu zima linahitaji atupe nusu ya mara. Kwa mtu anayelipa na jozi yoyote, viwango hivyo havifikiki katika karata ya mwisho, na hakuna ujasiri utakaovibadilisha. Dhidi yake inafaa kuchimba mkwara kwa nadra na kuweka madau makubwa zaidi unapokuwa na mkono mzuri. Ushauri huu unachosha kuusikia, nami ninakubali kwamba haumvutii mtu aliyeingia katika poka kwa sababu ya video za mikwara ya mamilioni.

Kosa jingine linahusu upande wa anayesubiri. Mwenye ree ya uru na mbili ya uru, baada ya saba kufunguka, alitakiwa alipe senti 50 ili kushindania fungu ambalo lingefika dola 1.72, bei ya asilimia 29. Uru zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 asizoziona, yaani asilimia 19.6. Wengi hulipa hapa kwa sababu wamekariri kwamba uru hutimia asilimia 35 ya mara, wakisahau kwamba kiwango hicho ni cha karata mbili zijazo, na imebaki moja. Pengo lile linaweza kuzibwa na fedha atakazopata baadaye, na kiasi chake kinahesabika: kila uru inapotimia lazima akusanye kwa wastani senti 84 zaidi katika karata ya mwisho. Dhidi ya mtu anayelipa kila kitu, inawezekana. Dhidi ya mtu anayesita mara tu uru ya tatu inapotokea mezani, haiwezekani, na kutupa ndiko kunakofaa.

Yote haya hayaonekani katika salio la siku moja, na hilo ndilo linalowafanya watu waache kufikiri vizuri hata baada ya kuanza. Chukua mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni kushinda madau makubwa ya lazima 5 kwa kila mikono 100, na ambaye matokeo yake yanatawanyika kwa kiasi cha madau 90 kwa mikono hiyo, jambo la kawaida katika meza za watu sita. Baada ya mikono 10,000, ambayo kwa meza moja ni zaidi ya saa 140, bado ana nafasi karibu 3 katika 10 ya kuwa katika hasara. Kwa sababu hiyo, kuuliza kama nilishinda mkono huu ni kuuliza swali lisilofundisha. Tovuti nyingi huhifadhi kumbukumbu ya kila mkono kwa maandishi. Njia yenye manufaa ni kutia alama mikono migumu wakati wa kucheza, kisha kesho yake, akili ikiwa imetulia, kuifungua mpaka mahali pa uamuzi, kuficha kilichofuata, na kuandika bei, mikono inayokushinda na mikono unayoishinda. Mikono 5 iliyochambuliwa hivyo ina faida kuliko meza 4 zilizofunguliwa kwa pamoja, ambazo zinakunyima hata zile sekunde chache za kufikiri.

Vilevile, tovuti nyingi hukuruhusu kuandika maelezo juu ya mchezaji, na maelezo hayo ndiyo yanayoweza kuugeuza uamuzi wetu. Tuseme mpinzani yuleyule, mapema jioni hiyo, alionyeshwa mara mbili akiingiza salio lote katika karata ya mwisho akiwa na uru zilizokosa. Si ushahidi mwingi, lakini kwa kitendo ambacho wengi hawakifanyi kabisa, mara mbili ni nyingi. Sasa tumkadirie kuwa anachimba mkwara kwa mikono 15 kati ya 21. Mchezaji wetu anashinda mara 15 katika 36, karibu asilimia 42, ambayo inazidi bei hata baada ya makato, na kila malipo yanamletea kwa wastani senti 82 kabla ya kukatwa. Kwa karata zilezile, mezani palepale, sasa analipa dola 3.35, na katika kila mara 10 atakazofanya hivyo, mara 6 hivi ataonyeshwa utatu, mfuatano au jozi mbili na kupoteza salio lote.